Siku sita Mlima Elgon: namna ya kuandaa likizo ya kujifunza kwa kundi

Watu 12 wanatosha kwa safari hii ya Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda. Kinu kimoja cha kahawa huzungukwa na watu wanne bila kugongana viwiko, jiko la kuni la nyumba ya Sipi hupokea sita kwa zamu, na kosta moja huwabeba wote na mizigo yao. Kundi likifika 20, nusu hubaki nyuma wakipiga picha, mwalimu huanza kupaza sauti, na kazi ambayo kila mkono ungeigusa inageuka maonyesho. Waliojiandikisha wakizidi, panga safari mbili.

Halafu chagua machache. Kilele cha Wagagai, mita 4,321, kina siku zake nne au tano na maandalizi yake; ukikibandika kwenye safari hii utapoteza vyote viwili. Hapa tunazungumzia mteremko wa chini, kutoka Mbale hadi msitu wa Kapkwai, ambako watu wanaishi na kulima: Wamasaaba, ambao wengi huwaita Wagisu, upande wa magharibi na kusini, Wasabiny upande wa kaskazini, kuanzia Sipi na Kapchorwa. Masomo ni manne: kahawa, msitu, ngoma na malewa, yaani machipukizi ya mwanzi yaliyokaushwa. Kahawa ipewe siku mbili nzima, kwa sababu ndiyo inayobeba nyumba nyingi za mlima huu. Mengine yanaijengea maana.

Wakati wa kwenda

Kahawa huvunwa kuanzia Septemba hivi hadi Januari au Februari, mashamba ya chini yakitangulia na ya juu yakifuata. Mvua nzito ni za Machi hadi Mei, kisha Agosti hadi Novemba. Ukizilinganisha kalenda hizo mbili, muda unaofaa zaidi ni kuanzia tarehe 5 Januari hadi mwisho wa mwezi. Kahawa ya juu bado iko mitini, njia zimekauka, na shule zimefungwa, kwa hiyo walimu wanaweza kuja. Kabla ya hapo, wiki ya Krismasi nauli hupanda na wenyeji wana wageni wao wenyewe. Mwaka wa uchaguzi mkuu ni jambo jingine: Uganda imekuwa ikipiga kura Januari au Februari, na wakati huo barabara zina misafara na watu hawana nafasi ya kufundisha. Sogeza safari hadi Desemba mwanzoni.

Wapo watakaokuambia Juni hadi Agosti ni kiangazi. Usilitegemee neno hilo. Mwishoni mwa Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika ndani ya Mbale, ikaua watu na kusomba magari. Sababu ya maana ya kwenda Agosti ni Imbalu, tohara ya vijana wa Kimasaaba, ambayo hufanyika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili na kufunguliwa rasmi Mutoto, nje kidogo ya Mbale. Ukienda wakati huo, jua kwamba unaandaa safari nyingine kabisa, yenye umati, kelele na vyumba vilivyojaa.

Hatari moja isiyo na mzaha

Udongo wa Elgon ni wa volkano, mzito na mnene, umekaa juu ya miteremko mikali iliyokatwa miti na kulimwa hadi juu. Ukishiba maji, unateleza wote kwa pamoja. Tarehe 1 Machi 2010 ardhi iliporomoka Nametsi, wilaya ya Bududa, na mamia ya watu wakafa. Ilirudi Bududa Oktoba 2018, na Novemba 2024 ikaikumba Bulambuli. Kiongozi wa kundi hana ruhusa ya kuyachukulia haya kama habari za mbali.

Nyumba ya kulala iwe juu ya mgongo wa kilima au mahali tambarare, kamwe isiwe kwenye mdomo wa korongo wala chini ya shamba lenye mteremko mkali. Usiulize tu kama pako salama, maana jibu ni ndiyo kila mara. Muulize mzee wa hapo: "Maji yalipita wapi mvua ile kubwa?" Atakuonyesha kwa kidole. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, futa matembezi yote ya mteremko. Na mkiona ufa mpya ardhini, miti iliyoinama upande mmoja, au kijito kilichokuwa kinapita kikageuka tope ghafla au kukauka wakati mvua bado inanyesha, ondokeni papo hapo kuelekea pembeni, nje ya njia ya mteremko. Msishuke kufuata kijito.

Wiki nane kabla

Mtu mmoja atangulie, akae siku mbili. Kazi yake ya kwanza ni kumsalimia mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kumweleza watakuja akina nani na kwa nini. Kundi la wageni lisilojulikana na LC1 huzaa maneno, na maneno hufunga milango.

Kazi ya pili ni kupata walimu. Mwalimu wa kahawa ni mkulima mwenye miti yake, kinu na mashine ya mkono ya kumenyea. Mwalimu wa malewa ni mama anayeyapika kila wiki. Kubaliana malipo ya somo, kwa saa, kwa maandishi mafupi ya Kiswahili, na kila upande ubaki na nakala. Nusu ilipwe mapema ili anunue vifaa, nusu siku ya somo, mkononi mwake yeye mwenyewe. Mambo huharibika hapa mara nyingi kuliko popote: fedha hupitia kwa dalali, mama anayefundisha anapata robo, somo linakuwa fupi na uso wake unawaeleza wanafunzi yote. Usimlipe kwa bahashishi baada ya shughuli. Ni mwalimu, alipwe kama mwalimu.

Muulize pia siku hiyo angekuwa anafanya nini kama msingekuja. Kama ni kupalilia, anzeni na kupalilia.

Lugha haisumbui sana. Kiswahili kinaeleweka Mbale, na Kapchorwa zaidi, kwa sababu ya biashara na Kenya. Hata hivyo kila mtu ajue kusema "mulembe" upande wa Wamasaaba, salamu ya amani inayojibiwa kwa neno lilelile, na "wanyala" kwa kushukuru. Wasabiny wana lugha yao, Kupsabiny, jamaa ya Kikalenjin. Usiwasalimie kwa Kimasaaba ukadhani watu wote wa mlima ni wamoja.

Njia na karatasi

Kutoka Kampala hadi Mbale ni kilomita 240 hivi kupitia Jinja, Iganga na Tirinyi; hesabu saa tano hadi sita na msitembee usiku. Mbale hadi Sipi ni kama kilomita 45 za lami yenye kona nyingi, kwa hiyo wanaotapika garini wakae mbele. Wanaotoka Kitale wanaweza kupita Suam, kwa barabara ya kilomita 73 hadi Kapchorwa, ambayo sasa ina lami. Mkenya na Mnyarwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa, Mtanzania abebe pasipoti au hati ya kusafiria, na kila mgeni awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Noti ndogo za 1,000, 2,000 na 5,000 zitafutwe Mbale kabla ya kupanda.

Siku ya kwanza ni barabara, chakula, salamu na usingizi. Sipi iko mita 1,775 hivi: hakuna ugonjwa wa mwinuko, ila baridi ya usiku ipo. Sweta, koti la mvua, viatu vyenye meno, tochi.

Siku ya pili na ya tatu: kahawa

Anzeni saa 1 asubuhi. Kila watu wanne wapewe kikapu kimoja na lengo la kilo 5 za matunda mekundu tu. Tunda la kijani kwenye kikapu huleta ladha ya nyasi, na lililokauka mtini huleta ladha ya ukungu. Tunda lishikwe kwa vidole viwili na kuzungushwa, lisivutwe, maana ukilivuta na kikonyo chake unang'oa macho yatakayotoa maua. Kilo 5 huonekana jambo dogo hadi saa ya pili ya kuchuma kwenye mteremko. Mwache kila mtu afike hapo kabla hujampa hesabu hii: kilo 5 za matunda hutoa kilo 1 ya kahawa kavu yenye ganda, ambayo ikikobolewa hubaki gramu 800, na ikikaangwa hubaki gramu 670 hivi. Mtu aliyechuma kwa mkono wake huisikia hesabu hiyo mwilini.

Mimina matunda kwenye ndoo ya maji. Yanayoelea ni matupu au yameliwa na wadudu, yatoeni. Yaliyozama yamenywe siku hiyohiyo kwa mashine ya mkono, kabla ya jioni, kwani tunda likilala huanza kuchacha ndani ya ganda lake. Mwalimu aonyeshe jinsi ya kurekebisha nafasi ya mashine: ikibana sana inakata punje, ikilegea matunda yanapita mazima. Angalieni punje 20 za kwanza, mkiona tatu zimekatwa, simamisheni.

Punje zenye ute zivundikwe kwenye ndoo safi ya plastiki iliyofunikwa. Kwa baridi ya Sipi huchukua kati ya saa 18 na 36. Saa ya ukutani haitakuambia, mkono utakuambia: chota konzi moja, suuza, sugua kiganjani. Ikiteleza kama bamia, bado. Ikikwaruza na kulia kama changarawe, imeiva; oshwe mara moja kwa maji matatu. Ikinuka siki mmechelewa, na hakuna dawa. Mkimenya saa 9 alasiri siku ya pili, anzeni kupima saa 4 asubuhi siku ya tatu, halafu kila baada ya saa mbili.

Asubuhi hiyo ya kungoja ndiyo ya maporomoko ya maji. Sipi ina maporomoko matatu, la chini likianguka mita 100 hivi. Mchukueni kiongozi wa kijijini, mwanze saa 1, na msishuke hadi chini kabisa na mtu mwenye magoti mabovu: ngazi huloa kwa manyunyu hata siku ya jua. Kingo za mto kuna mmea unaofanana na mgomba usiozaa ndizi za kula. Wasabiny wanauita sep, na jina la Sipi linatokana nao. Utafuteni, muuguse jani, mwenyeji awaeleze matumizi yake.

Kukausha huchukua siku 10 hadi 14, kwa hiyo hamtakaanga mliyochuma. Mkulima awe ametenga kilo 1 ya kahawa kavu yenye ganda. Ipimeni kwa jino: punje kavu haiachi alama, mbichi hubonyea. Twangeni kinuni polepole, mchi ukiangushwa bila nguvu, maana mnataka kuvua ganda tu, msivunje punje. Pepeteni kwa ungo. Zinabaki gramu 800. Gaweni makundi matatu, gramu 250 kila moja.

Sasa moto. Kuni kavu tu, kwa sababu kuni mbichi hutoa moshi unaoingia kwenye punje na kubaki humo. Kikaango cha chuma au chungu cha udongo kipate joto kwanza, mwali uwe mdogo, na mwiko usisimame hata kwa muda wa kupenga kamasi. Baada ya dakika tano punje zinakuwa njano na kunukia kama mkate. Karibu na dakika ya kumi zinaanza kupasuka, tak, tak, kama bisi zilizo mbali. Zikishapasuka kwa wingi, hesabuni dakika moja hadi mbili, kisha mwageni zote kwenye ungo mara moja na kuzipepea. Zikiachwa kikaangoni zinaendelea kuungua hata moto ukiondolewa, na kundi moja kati ya matatu hufanya kosa hilo kila mara. Kosa la pili ni moto mkubwa: nje nyeusi, ndani mbichi, kahawa chungu yenye ladha ya maharage. Kunyweni za makundi yote matatu mkizilinganisha: gramu 10 zilizosagwa, yaani vijiko viwili vya chakula, kwa kikombe kimoja cha maji yaliyotoka kuchemka, dakika nne, chujeni.

Jioni ni ya mazungumzo ya bei. Mkulima aeleze nani hununua, lini, na kwa nini wengine huuza matunda mabichi kabla ya wakati. Mbale kuna chama cha ushirika cha Bugisu kilichoanzishwa 1954, na historia yake inatosha kuwapa wanafunzi maswali ya usiku mzima.

Siku ya nne: msitu wa Kapkwai

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon ilitangazwa 1993, na ndani yake hamtembei bila askari wa UWA, mamlaka ya wanyamapori. Wekeni nafasi mapema na muombe viwango vya ada kwa maandishi. Kutoka kituo cha Kapkwai kuna mizunguko mitatu: kilomita 3 ya kupanda ukingoni, kilomita 5 ya maporomoko ya Chebonet, na kilomita 7 inayofika kwenye mianzi. Kundi la kujifunza lichague ya 7, litenge saa tano, na lisimame mara nne tu.

Kila kituo kiwe na dakika kumi za ukimya kamili, kisha kila mtu aandike alichosikia kabla ya alichoona. Mbega husikika kwanza. Katikati mtaona podo na loliondo, miti minene ya mbao. Juu zaidi, kuanzia mita 2,400 hivi, mianzi inaanza, na hiyo ndiyo inayozaa malewa. Hapo mwulizeni askari nani anaruhusiwa kuchuma machipukizi na kwa makubaliano gani. Nyie msiguse hata moja.

Kiongozi ajue jambo hili kabla ya kuingia: Wabenet, jamaa za Wasabiny, walikuwa wakiishi juu ndani ya msitu huu na wametolewa humo, na madai yao ya ardhi yalitolewa hukumu na Mahakama Kuu 2005. Anayesifia hifadhi mbele ya mzee wa Kibenet kana kwamba haikuwa na wenyewe anamuumiza. Vilevile ukeketaji, ambao sheria ya Uganda iliupiga marufuku 2010, usiwe swali la kurushwa na mgeni kando ya moto. Wanawake wa Kisabiny wakilianzisha wenyewe, sikilizeni.

Siku ya tano na ya sita: Mbale, ngoma na malewa

Shukeni asubuhi. Kituo cha kwanza ni sokoni, kwa sababu malewa lazima yalale majini. Ni machipukizi ya mwanzi yaliyokaushwa kwa moshi juu ya jiko hadi kuwa kahawia. Chagueni makavu yanayokatika kwa mlio, yanayonuka moshi safi. Yenye unga mweupe yameshika ukungu, yaacheni. Nusu kilo yanatosha watu 12 kama kitoweo cha matooke.

Mchana ni wa kadodi, ngoma za Wamasaaba zinazobebwa kwa mkanda begani. Saa mbili zinatosha: ya kwanza mikono na mdundo mmoja tu, ya pili kiuno na miguu. Anayeanza hupiga kwa nguvu za bega na kuchoka kwa dakika tano; mwalimu atamrudisha kwenye kifundo cha mkono. Kisha mzee aeleze Imbalu: kijana anayezunguka kwa ndugu zake akicheza, njuga za chuma zikilia mapajani, mwili umepakwa chachu ya unga, na siku ikifika anasimama wima mbele ya watu bila kutikisika. Masimulizi mengi huifungamanisha desturi hii na Nabarwa, mwanamke wa Kikalenjin aliyeolewa huku. Mkiwa mlimani msimu wa Imbalu, msikatize njia ya kijana anayecheza, msipige picha ya kisu, na msicheke mtu akitetemeka. Ni aibu ya ukoo mzima.

Usiku, malewa yaoshwe na kulowekwa kwa maji ya vuguvugu saa nane hadi kumi. Asubuhi maji hayo yamwagwe: yamebeba uchungu na moshi uliozidi. Bonyezeni kila kipande kwa ukucha. Mahali ukucha usipoingia pakatwe na kutupwa, hapalainiki kamwe. Kateni vipande vidogo, chemsheni saa moja hadi moja na nusu, mwageni na maji hayo pia. Kisha nusu kilo ya karanga zilizosagwa ikorogwe kwenye bakuli kwa maji ya vuguvugu hadi iwe kama uji mwepesi, ndipo imiminwe juu ya malewa kwenye moto mdogo. Ukiitia moja kwa moja kwenye sufuria inayochemka inashikana madonge. Korogeni hadi chini kwa dakika 25 au 30, mafuta yaanze kuonekana juu, chumvi mwisho. Mwenye mzio wa karanga awe amejulikana tangu kujiandikisha, apikiwe sufuria yake, kwa mwiko wake.

Laleni Mbale tena, rudini asubuhi ya siku ya saba. Na ile kahawa mliyochuma wenyewe Sipi imebaki kwa mkulima, inakauka. Mwachieni mfuko wenye jina la kundi na namba ya simu ya mpokeaji, pamoja na nauli ya kifurushi cha basi, na mpangie siku ya kuituma, wiki mbili hivi baada ya kuondoka kwenu. Ikifika, ipimeni kwa jino kabla ya kuikoboa.